Lori lenye vitanda: pamiti ya B inatosha?

*Swali:* Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni dereva hapa Arua, nina pamiti (leseni ya udereva) ya daraja B na miaka minane kwenye Land Cruiser. Bosi wangu amenunua lori la zamani lililojengewa nyumba nyuma: vitanda sita, jiko, choo na tanki la maji. Anataka nianze kupeleka wageni mbuga ya Murchison, halafu mpaka Kisoro. Anasema kwa kuwa halibebi mizigo, B inatosha, na kwamba Marekani watu huendesha nyumba kubwa kuliko hiyo kwa leseni ya kawaida. Ni kweli?

*Jibu:* Ndugu yangu, bosi wako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu haikusaidii.

Daraja la pamiti halifuati kilichomo ndani ya bodi. Hapa Uganda B ni ya magari madogo. Malori ya kati ni CM, makubwa ni CH, na lori kubwa lenye trela ni CE. Mabasi yana DL, DM na DH. Lala chini ya gari, au fungua mlango wa dereva, utafute kibati cha chesisi. Humo kuna uzito wa juu unaoruhusiwa, na huo ndio unaohesabika, hata kama leo gari ni tupu. Kisha soma logibuku, yaani hati ya usajili wa gari: kama baada ya kujengewa viti limesajiliwa kama basi, utaingia upande wa D. Bima nayo isome mstari kwa mstari, maana ukigonga mtu ukiwa na daraja lisilo lake, kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri ya kukukimbia.

Kuhusu Marekani: sheria ya shirikisho inadai leseni ya kibiashara kuanzia pauni 26,001, karibu kilo 11,800, na nyumba za magari za matembezi ya familia zimeachiwa majimbo. California inataka daraja la B lisilo la kibiashara ukiendesha nyumba ya gari inayozidi futi 40. Uingereza ni wakali zaidi: leseni ya gari dogo inaishia kilo 3,500, na kutoka hapo hadi 7,500 unahitaji C1, isipokuwa kwa waliofaulu mtihani wa gari kabla ya Januari 1, 1997. Lakini huyo Mmarekani anampeleka mke wake ufukweni. Wewe unalipwa, na nyuma umebeba watu waliolipa. Hata kwao, kazi yako ingeitwa biashara.

Kuongeza daraja kwenyewe si kugumu: pamiti ya mwanafunzi ya daraja hilo, mafunzo, mtihani kwa wakaguzi wa magari wa polisi, basi. Kinachonitia wasiwasi ni yale ambayo mtihani wa dakika chache hauwezi kukufundisha.

La kwanza ni breki za upepo. Kwenye Land Cruiser unakanyaga mafuta ya breki. Kwenye lori, mguu wako unafungulia hewa, na hewa huisha. Ukikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kompresa haiwahi kujaza. Kila asubuhi, weka kabari kwenye magurudumu, achia handibreki, zima injini, washa swichi, halafu kanyaga mara kadhaa ukitazama geji: kengele au taa ya onyo inapaswa kuwaka kabla mshale haujashuka chini ya baa 4 hivi. Hewa ikizidi kupungua, springi zitafunga magurudumu zenyewe. Ndiyo maana lori lililolala na hewa kidogo halisogei alfajiri. Subiri lijaze, nimeona watu wazima wakilifunga kamba walivute.

Hapo ndipo mlima wa Kanaba unapoingia, kati ya Kabale na Kisoro. Madereva wa zamani husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, nami naona mara nyingine hata hiyo ni kubwa mno. Ingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, tumia breki ya egzosti (inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo) kama ipo, na breki ya mguu iwe ya kupunguza tu. Ngoma za breki zikishachemka, hata geji ikionyesha hewa imejaa, gari halisimami.

La pili ni mkia. Mafundi hupenda kurefusha bodi nyuma ya ekseli ili choo kipate nafasi. Ukikata kona kulia, mkia unafagia kushoto, na kushoto kwa mji wa Arua kuna bodaboda. Panga madumu tupu kwenye uwanja wa mpira, kata kona hadi ujue mkia wako unafika wapi.

Uzito nao: lita 400 za maji ni kilo 400. Tanki likiwa juu au nyuma kabisa, mwambie fundi alishushe, alisogeze kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Lililojaa nusu huyumba kwenye kona, kwa hiyo lijaze au limwage. Pima pia kimo cha gari, ukiandike mbele yako kwenye dashibodi, kwa sababu ya matawi na nyaya za umeme.

Vali za mitungi ya gesi zifungwe kabla hujawasha injini. Na mwambie bosi safari ya kwanza ya Kisoro iwe bila wageni, ukiwa na dereva wa lori mwenye CH ameketi kando yako.