Mbwa aliyelegea miguu baada ya kula mzoga

Pole sana ndugu kwa yaliyompata mbwa wako. Ulegevu ulioanza miguu ya nyuma ukapanda hadi ya mbele, kubweka kumefifia, ila bado anatikisa mkia na kukutambua: mimi ningeshuku sumu ya botulini (sumu inayotengenezwa na bakteria kwenye nyama iliyooza) kutoka kwenye huo mzoga aliokula juzi. Lakini kwanza mpapase mwili mzima, ndani ya masikio na katikati ya vidole pia, kwani kupe mmoja tu anaweza kupoozesha mbwa hivyohivyo. Angekuwa anadondosha mate, anatetemeka na mboni zimesinyaa, ningefikiria sumu ya dawa ya kuulia wadudu. Usimlishe wala kumnywesha kwa nguvu, atapaliwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Apimwe damu na kinyesi. Pumzi ikiwa nzito, mkimbize kwa daktari mara moja.