Nahodha aliyewekwa benchi: kukaa kimya kabla ya mechi, na nafsi inayotaka kusifiwa

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa kikapu hapa Tanga, na timu yetu ina Waislamu na Wakristo. Nilisoma habari za Phil Jackson, kocha wa Marekani aliyechukua ubingwa mara 6 na Chicago Bulls, kwamba alikuwa akiwakalisha wachezaji wake kimya wakifuatilia pumzi zao, na akiwafunza kila mmoja ajisahau kwa ajili ya timu. Nikapenda, na sisi tukaanza kukaa kimya dakika chache kabla ya mechi. Mwenzetu mmoja amegoma, anasema hiyo ni ibada ya Kibudha.

La pili ndilo linaloniumiza. Tumepata kocha mpya, na sasa robo ya mwisho ananitoa. Mpira wa kuamua mechi anapewa kijana aliyejiunga juzi tu. Mdomoni nasema "timu kwanza", rohoni naungua. Kuna siku tulifungwa nikaona raha. Je, kuna namna ya kucheza mchezo huu moyo ukiwa na Allah? Na mtu mwenye moyo kama wangu anafaa kuendelea kuwa nahodha, au nijiuzulu?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja kwa sababu ya ile sentensi ya kufungwa ukaona raha. Wengi jambo hilo hawaliambii hata nafsi zao. Nitalifikia. Kwanza tumalize la kukaa kimya, maana ni jepesi.

Huyo mwenzenu aliyegoma msimcheke. Anachosema kina mzizi: Jackson alilelewa na wazazi wahubiri wa Kipentekoste, ukubwani akavutiwa na Ubudha wa Zen, na hakuficha kwamba mazoezi yale aliyatoa huko. Lakini hukumu ya kitu haitolewi kwa kutazama kilikotoka peke yake. Handaki lililochimbwa Madina mwaka wa 5 Hijria lilikuwa mbinu ya vita ya Waajemi, na wenye kuandika sira wanasema aliyeileta ni Salman al-Farisi. Mtume (s.a.w.) hakuuliza Waajemi wanaabudu nini, akachimba. Kinachokatazwa ni kumfuata mtu katika kile ambacho ni alama ya dini yake, au kubeba itikadi yake. Kukaa kimya, kutuliza pumzi, kuyakusanya mawazo kabla ya kazi ngumu ni jambo la kawaida la wanadamu, na asili ya mambo ya kawaida ni uhalali.

Kwa hiyo kaeni, ila isiwepo sanamu, yasiwepo maneno ya kukariri ya dini nyingine, na wala msiseme kwamba kikao hicho chenyewe ni ibada yenye thawabu zake. Ibada hazibuniwi. Katika ukimya huo wewe Muislamu leta istighfari moyoni, mswalie Mtume, muombe Mola wako. Mkristo naye na lake. Usiwatungie dua moja ya kuitikia "amina" kwa pamoja, kila mtu aombe kimyakimya na hapo hamtakwazana. Asiyetaka kukaa, mwacheni afunge kamba za viatu vyake kwa raha zake.

Jambo moja nalitilia mkazo. Dhikri usiigeuze hirizi. Unajua hali ilivyo katika michezo yetu, timu ina "kamati ya ufundi" ambayo ufundi wenyewe ni wa kwa mganga, na timu nzima inaukwepa mlango rasmi wa uwanja kwa kuogopa kilichofukiwa. Ile ni shirki, haina mjadala. Lakini yupo pia anayesoma Ayatul Kursiy kabla ya mechi, akifungwa anasema haikufanya kazi. Huyo naye ajiangalie. Moyo unamkumbuka Allah kwa sababu Yeye anastahiki kukumbukwa, matokeo ni Yake. Ngamia wa Mtume aitwaye al-Adbaa hakuwahi kushindwa mbio, mpaka akaja bedui na ngamia wake mdogo akamshinda. Waislamu wakaona uchungu. Mtume akawaambia kwamba ni haki kwa Allah kutokinyanyua kitu cha dunia ila atakishusha. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Kama ngamia wa Mtume alipitwa, timu yenu nayo itapitwa siku moja, mkiwa mmekaa kimya au mmepiga kelele.

Sasa tuje kwako.

Maadamu unawasoma Bulls, rejea mechi yao ya tarehe 13 Mei 1994 dhidi ya New York Knicks. Michael Jordan alikuwa amestaafu miezi michache nyuma, na kigogo wa timu sasa ni Scottie Pippen. Pointi ni 102 kwa 102, imebaki sekunde 1.8. Jackson akachora mpango: Pippen arushe mpira kutoka pembeni, Toni Kukoč apige. Pippen akakataa kuingia uwanjani. Akabaki benchi. Mpira ukarushwa na mwingine, Kukoč akafunga, Bulls wakashinda 104 kwa 102. Chumbani baada ya mechi, Bill Cartwright, mkongwe wa timu, alisema na wenzake machozi yakimtoka, na Pippen akaomba radhi. Wote wawili, Pippen na Kukoč, walikuwemo katika mataji yaliyokuja baadaye, 1996 hadi 1998.

Angalia vizuri: hii ndiyo timu iliyofundishwa kukaa kimya na kujisahau. Kukaa kimya hutuliza mawazo, jambo zuri, lakini nafsi inaweza kutulia tuli kama chatu aliyeshiba, ukimgusa pale panapomuuma ndipo unajua kama yuko hai. Panapoiuma nafsi ya mchezaji ni pale mpira wa mwisho anapopewa mwingine. Wewe umeguswa hapo hapo. Kwa hiyo usidhani umeharibikiwa kuliko watu wote. Umefika tu mahali ambapo neno "timu kwanza" linaanza kuwa na bei.

Ule uchungu wako na ile raha ya kufungwa, sheria inasemaje? Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinayanong'ona, muda wa kuwa mtu hakuyatenda wala kuyasema. Umeuchukia mwenyewe ule mnong'ono ndiyo maana ukaniandikia, na chuki hiyo ni dalili njema. Ila mimi nina swali la kukuuliza, nawe ujijibu ukiwa peke yako: umewahi kumnyima yule kijana pasi? Umewahi kumwona yuko wazi chini ya ringi ukajifanya hukumwona? Umewahi kumsema kwa wenzake, kumcheka alipokosa, kuvuta miguu wakati wa kurudi kukaba ili ionekane bila wewe hawawezi? Kama ndiyo, basi mnong'ono umeshakuwa kitendo, na hapo pana haki ya mtu. Tubu kwa Allah, na kijana umtake radhi. Kama hapana, una vita moyoni lakini hujashindwa.

Dawa yake ni kuijua nia. Katika Sahih Muslim kuna hadithi ambayo kila anayeshangiliwa inafaa aiogope. Siku ya Kiyama wa mwanzo kuhukumiwa ni mtu aliyekufa vitani. Atasema: nimepigana kwa ajili Yako. Ataambiwa: umesema uongo, ulipigana ili watu waseme wewe ni shujaa, na wameshasema. Yaani ujira wako umeshalipwa, hapa huna unachodai. Ikiwa hali ni hiyo kwa aliyetoa roho yake, basi mwenye kutia mpira kwenye kikapu mbele ya vijana wa mtaa ajihesabu mwenyewe anacheza kwa ajili ya nani.

Sisemi kwamba kushangiliwa ni haramu, wala kwamba ufurahi ukitolewa. Nasema tafuta kitendo ambacho hakimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Wajua wewe kuliko mimi kwamba karatasi ya meza ya waamuzi huandika pointi na pasi za mwisho, lakini haimwandiki aliyejipanga mbele ya mpinzani, akagongwa kifuani, ili mwenzake apate upenyo wa kupiga. Hakuna anayemshangilia huyo. Allah amemwona. Mtume alipoulizwa na Jibril kuhusu ihsani alijibu ni kumuabudu Allah kana kwamba unamwona, na ikiwa wewe humwoni basi Yeye anakuona. Hilo ndilo jibu la swali lako la moyo kuwa na Allah mchezoni. Huhitajiki kunong'ona tasbihi huku unadunda mpira na kupokonywa. Unatakiwa ukumbuke unatazamwa na nani pale mwamuzi alipogeuka, na pale umesukumwa na refa hakupuliza.

Kuna kisa cha Ansari mmoja, yaani Muislamu mwenyeji wa Madina, kimo katika Bukhari na Muslim. Mgeni wa Mtume alikosa pa kula, Ansari akamchukua nyumbani, kumbe chakula kilichopo ni cha watoto tu. Mke akawalaza watoto, akakileta chakula, kisha akaiendea taa kana kwamba anaitengeneza, akaizima. Wakakaa gizani, mume na mke wakijifanya wanakula pamoja na mgeni, wakalala na njaa. Pakateremka aya ya Suratul Hashri, ya 9, inayowasifu wanaowatanguliza wengine hata kama wao wenyewe wana shida. Mimi huwa naikazia macho ile taa. Wangeweza kumpa mgeni chakula taa ikiwaka, na mgeni angewashukuru sana. Waliizima ili asijue. Wewe nawe ukimwachia kijana nafasi halafu ukapita mtaani unasema "mimi ndiye niliyemwachia", taa hujaizima bado.

Hapa pana kosa la upande wa pili, nalo nimeliona kwa vijana wacha Mungu. Anapata mpira akiwa wazi, nafasi ni yake, anatoa pasi kwa mtu aliyebanwa na wawili eti anyenyekee. Huo ni woga uliovaa kanzu. Timu imekupa amana, na ukiwa wewe ndiye uliye pazuri zaidi, piga. Vilevile fahamu kwamba wanavyuoni wamesema kuwatanguliza wengine kunapendeza katika mambo ya dunia, si katika ibada. Mechi ya saa kumi jioni ikivutwa mpaka Magharibi inakaribia kutoka, hujitolei swala yako kwa ajili ya timu. Zungumza na waandaaji mapema, ratiba ikiwa bado inapangwa.

Kuhusu kutolewa, somo lako ni Khalid bin al-Walid, jemadari mashuhuri wa Waislamu. Khalifa Umar alipotawala mwaka wa 13 Hijria alimwondoa kwenye uamiri wa majeshi ya Shamu (eneo la Syria) akampa Abu Ubayda. Khalid, mtu aliyezoea ushindi, akabaki jeshini chini ya mwenzake na kazi ikaendelea. Wanahistoria wanataja kwamba baadaye, Umar alipomwondoa kabisa, aliwaandikia watu wa miji kwamba hakufanya hivyo kwa chuki wala kwa khiyana ya Khalid, bali watu walikuwa wameanza kufitinika naye. Na Mtume amemsifu, katika Bukhari, mja aliyeshika hatamu za farasi wake, nywele timutimu, miguu imejaa vumbi: akiwekwa kwenye ulinzi yuko kwenye ulinzi, akiwekwa nyuma ya jeshi yuko nyuma ya jeshi. Hachagui nafasi. Akiomba ruhusa hapewi, akimwombea mtu hasikilizwi. Huyo ndiye aliyebashiriwa kheri.

Ukiwa benchi na hasira imepanda, sunna ni kwamba aliyesimama akae. Wewe kocha ameshakukalisha, imebaki kumtaka Allah hifadhi na shetani, na kumwombea yule kijana kwa jina lake afunge. Dua hiyo mara ya kwanza itakukwama kooni. Iombe hivyo hivyo.

Kujiuzulu sioni sababu. Mtume alimwambia Abdulrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa bila kuomba husaidiwa. Kama wenzako walikuchagua wala hukuupigania, baki, ila ukiona unautumia unahodha kumbana kijana, siku hiyo uuache. Na wakati upo, uongoze kwa namna ya siku ile Mtume alipowapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale. Akawahimiza, akasema yeye yuko pamoja na kundi fulani. Kundi la pili likashusha mikono. Akawauliza kwa nini hamrushi? Wakasema: vipi turushe nawe uko pamoja nao? Akawaambia: rusheni, mimi niko pamoja nanyi nyote. Basi nahodha akiwa na kundi lake ndani ya timu, wengine hushusha mikono hata kama miguu inakimbia. Waislamu wa timu yako, Wakristo wake, wakongwe, na huyo aliyekuja juzi, kila mmoja akikuangalia asijue wewe ni wa nani.

Na kama unaamini kwamba kocha anakosea kiufundi, si kinafsi, mwendee. Mwende baada ya mazoezi, mkiwa wawili, umwambie kwa adabu unachokiona. Isiwe siku ya mechi, wala isiwe kwenye grupu la WhatsApp. Akishikilia rai yake, yeye ndiye kocha.

Wallahu aalam.