Unataka kuanza kuunda jeshi lako la mezani? Soma hii kabla hujanunua boksi

Kila mtu anayeingia sebuleni kwangu akakuta meza imejaa askari wadogo anauliza maswali yale yale, nianze na nini, ni shilingi ngapi, mbona wengine wamepakwa vizuri hivi. Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili hata usiku wa manane mtu akishikwa na hamu asome mwenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kuona kabisa: ni visanamu vya askari, vingi vina urefu wa kama milimita 28, unavipata vikiwa vipande vipande kwenye fremu ya plastiki, unakata, unaunganisha kwa gundi, unapaka rangi mwenyewe, alafu unapanga mezani na mwenzio mnapigana kwa dadu na futi. Siyo kitu cha jana, maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wanajifunzia vita namna hii mwaka 1824. Mchezo wa aina hii unaojulikana zaidi sasa ni Warhammer uliotoka 1983, na ndugu yake wa anga za mbali Warhammer 40,000 akaja 1987, kampuni yake ipo Nottingham Uingereza, na mi nilisoma mji huohuo ndo maana ukaniingia damuni.

Sasa kosa langu la kwanza, naomba usilirudie. Nilitaka jeshi la pointi 2,000 kwa mkupuo (kila kikosi kina thamani yake kwa pointi, ndo mnavyolinganisha majeshi), kwa sababu watu wazima wote niliokuwa nawaona wanacheza mechi za pointi 2,000. Nikanunua maboksi manne kwa hela ya kujikimu ya miezi miwili. Nikaunganisha yote wiki ya kwanza kwa mshawasha, alafu vikakaa hivyohivyo na rangi ya kijivu miaka miwili, kila nikiviangalia nasikia uchovu. Zaidi ya visanamu 70! Hakuna anayeanza anaweza kupaka 70, kimoja kikikuchukua masaa mawili hiyo ni masaa 140, piga hesabu na kazi yako na familia yako uone unamaliza lini. Nunua kikosi kimoja tu, watu 10 mpaka 16, ukimalize mpaka vitako vyake, yani vile vibao vidogo wanavyosimamia, ucheze nacho, ndo ununue kingine. Mechi ndogo ya kikosi kwa kikosi inachezeka kabisa na inakufundisha kanuni haraka kuliko mechi kubwa ya masaa manne ambayo mgeni anapotea katikati.

Tuje kwenye kuunda jeshi lenyewe maana hapa ndo napapenda. Wageni wengi wanachagua jeshi kwa picha ya kwenye boksi. Sikatai, moyo ukipenda umependa, ila jiulize kwanza hawa watu wangu wanapiganaje? Wanasimama mbali wanarusha risasi, wanakimbilia adui, wanajificha? Ukishajua hilo ndo unajua ununue nini, upake rangi gani, hata uwanja uweke nini juu ya meza.

Mi niliporudi Dar niliamua kuunda Wahehe wa Mkwawa, vita ya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Kwa aliyesahau darasani: Mjerumani Emil von Zelewski alikuwa anapita Uhehe na msafara wa askari wapatao 300, wapagazi na bunduki za Maxim, zile za rashasha, wamejipanga kwenye njia nyembamba mstari mrefu, Wahehe kama 3,000 wamelala vichakani na mikuki. Ndani ya dakika chache msafara umevunjika na Zelewski mwenyewe amekufa.

Nilifanya hivi. Niliamua kisanamu kimoja kisimame badala ya watu 12 au 13. Kwa hiyo msafara ukawa visanamu 24 vya askari, vikosi viwili vya 12, na wapagazi 10 na Maxim moja iliyofungwa kwenye mzigo. Wahehe kwa hesabu hiyohiyo ilibidi wawe 240 na hapo nikakaa chini, maana 240 sipaki mpaka nazeeka. Suluhisho likawa kupaka 80, vikosi vitano vya 16, na sheria kwamba kikosi kikiisha kinarudi upya kutoka vichakani mara mbili. 80 mara tatu ni 240. Mezani inaleta hisia yenyewe kabisa, yule anayecheza msafara anaua watu na watu hawaishi.

Alafu nikaijaribu kwa dadu kabla sijapaka hata kimoja, nikitumia vizibo vya soda. Sikiliza hii kwa makini. Kanuni ninazotumia, bunduki moja inarusha dadu moja, ukipata 5 au 6 umempata mtu, yani moja kwa tatu, kwa hiyo bunduki 12 zinaangusha watu wanne kila raundi. Risasi inafika inchi 24, mpiganaji wa mkuki anakimbia inchi 8 kwa raundi. Ukimweka Mhehe mbali inchi 24 kwenye uwanja wa wazi anahitaji raundi tatu kufika, amekula risasi mara tatu, watu 12 kati ya 16 wamelala chini na wanne wanaofika hawafanyi kitu. Mweke kwenye kichaka inchi 8 kutoka njiani, anapigwa mara moja tu au hapigwi kabisa, wanafika 12 mpaka 16 na msafara umekwisha. Jeshi ni lilelile, mikuki ileile! Siku ile nikaelewa kitu ambacho sikukielewa nikiwa kidato cha pili, kwamba pale Lugalo kichaka nacho kilikuwa silaha. Na nikajua kwenye bajeti yangu nusu ya nguvu iende kutengeneza vichaka.

Visanamu vya Wahehe madukani huvipati. Nilichukua boksi la plastiki la Wazulu, na usidhani nimebahatisha tu, Wangoni walitoka huko kusini wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakaja na namna ile ya kupigana mpaka huku kwetu, na Wahehe wakachukua mengi kutoka kwa majirani zao Wasangu na Wangoni. Siyo sawa asilimia mia, nilikata mapambo ya kichwani kwa kisu, nikajaza mapengo na puti ya modeli, vitambaa vya kiunoni nikavitengeneza kwa tishu iliyochovywa kwenye gundi nyeupe ya seremala. Hii ya kukata na kuunganisha upya usiiogope, plastiki inasamehe. Kata mbali na kidole chako tu, na kisu kiwe kikali maana kisu butu ndo kinateleza.

Rangi ya ngozi nataka tuongee taratibu kidogo. Kwenye seti nyingi za rangi kichupa kilichoandikwa ngozi ni cha pinki, na wageni wakitaka kupaka Mwafrika wanachukua nyeusi au kahawia moja wanapaka uso mzima. Inatoka kivuli, haina macho haina mashavu, na kwangu hilo linauma kwa sababu hawa ni babu zetu, wanastahili sura. Fanya hivi: anza na kahawia nzito uliyochanganya na tone la nyekundu. Ikikauka mwagia wino wa kahawia ulio mwepesi, utakimbilia wenyewe kwenye makunyanzi na pembeni ya pua. Alafu kahawia ileile ongeza chungwa kidogo, siyo nyeupe, nyeupe inaifanya ngozi iwe na jivu, gusa mashavu, ncha ya pua, mabega, vifundo vya vidole. Mara ya mwisho ongeza chungwa tena kidogo zaidi, gusa sehemu tatu tu. Badilisha mchanganyiko kila baada ya watu wanne, angalia watu kwenye daladala, hakuna wawili wenye rangi moja. Nilipomaliza wa kwanza namna hii mama alimchukua mkononi akamgeuza geuza akasema huyu anafanana na mjomba wako, na mi nilikaa kimya tu.

Mengine haraka haraka. Rangi punguza na maji mpaka iwe kama maziwa, paka mara mbili nyepesi kuliko mara moja nzito, nzito inaziba sura yote. Kabla ya rangi osha plastiki kwa maji na sabuni, ina mafuta ya kiwandani. Praima ya kupuliza, yani rangi ya kwanza ya kushikisha zile nyingine, tikisa dakika mbili nzima, shika kama sentimita 25 kutoka kwenye kisanamu, na kwa sisi wa pwani usipulize siku ya unyevu, mi nilipuliza kikosi cha watu 16 mwezi wa nne mvua inanyesha, ikatoka vumbi kama unga juu ya kila uso, nikaanza upya kukwangua kwa mswaki. Siku hizi kipindi cha masika napaka praima kwa brashi. Futi usinunue ya bei, ile ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja. Nyasi ni katani, ikate vipande vya milimita 5 uibandike kwa gundi, inakauka na rangi ya nyika ya Iringa yenyewe. Vichaka ni sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwakatwa ikapakwa kijani na kahawia. Mchanga wa ufukweni tumia lakini uoshe maji matamu mara tatu, chumvi inachubua rangi baadaye. Na kama huna hela kabisa, chapisha askari wa karatasi ngumu uwasimamishe kwenye vizibo, unacheza leo leo.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana kwa sababu kule Ulaya hakiwahusu, huku wapinzani ni wachache. Ukiunda jeshi moja utakaa nalo peke yako unaliangalia. Unda yote mawili wewe mwenyewe, madogo, ili mgeni akija unampa jeshi lililo tayari na mnaanza. Mi nilimpa binamu msafara wa Zelewski bila kumwambia ni vita gani. Akapanga askari wake vizuri njiani, akaiacha Maxim mzigoni maana kuitoa kunakula raundi mbili, akaniambia kaka mbona meza yako tupu. Raundi ya tatu nikaanza kutoa watu vichakani, pande zote mbili. Sasa hivi anataka acheze Wahehe yeye, na tumekubaliana tujenge ngome ya Kalenga ambayo Wajerumani walirudi kuivunja Oktoba 1894, yeye ameshaanza kukata maboksi ya kandambili kwa ajili ya ukuta, na mi nimerudi kwenye vizibo vya soda kuhesabu upya, kwa sababu mtu aliye nyuma ya ukuta hapigani kama mtu aliyelala kichakani na wale 80 wangu sina uhakika kama watatosha.