Maji ya uzazi kupungua na oksijeni ya mtoto

Pole sana dada wa Nachingwea. Umeuliza oksijeni ya mtoto inahusianaje na maji kupungua, na mama mkwe anasema ni kwa vile hukunywa maji ulipokuwa kwenye mikorosho. Kunywa maji ni vizuri, ila usijilaumu. Nusu ya pili ya ujauzito, maji yale ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe: anameza, anakojoa, yanazunguka. Kondo la nyuma likishindwa kupitisha oksijeni ya kutosha kwa muda mrefu, mwili wa mtoto hupeleka damu kwanza kwenye ubongo na moyo. Figo zinapata kidogo, mkojo unapungua, maji yanashuka. Ndiyo maana kwenye altrasaundi kina kikubwa kabisa cha maji kisipofika sentimita 2, daktari anashtuka. Presha na malaria huharibu kazi ya kondo, na malaria huku Lindi tunaijua, kwa hiyo pima vyote. Chupa ya uzazi (mfuko wa maji hayo) kuvuja nako hupunguza maji. Waambie wahudumu wa kliniki kama nguo inalowa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, usinywe, inabana figo za mtoto. Akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.