Jibu: Jumla ya malipo haikai sawa baada ya kurithi ArrayList

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: klasi yako ya Malipo inarithi ArrayList (orodha iliyo tayari ndani ya lugha ya Java), ukaandika upya add(), methodi ya kuongeza kitu kwenye orodha, ili iongeze na jumla, lakini jumla inapishana na risiti zilizomo.

Kabla ya yote, tafuta panapoitwa remove(), clear(), set() na addAll(). Ukirithi, methodi zote hizo za kuondoa, kubadili na kuongeza vitu zinakuja bure, na hakuna hata moja inayoijua jumla yako. Mimi niliponzwa na clear() moja tu iliyojificha nyuma ya kitufe cha "Anza upya". Siku mbili nzima nailaumu hifadhidata ya watu!

Toa hiyo extends (neno linaloifanya klasi irithi nyingine). Weka orodha ndani ya klasi kama private final (klasi nyingine haiigusi, wala haibadilishwi kwa orodha nyingine), kisha andika methodi unazohitaji tu: ongeza(), futa(), jumla(). Anayetaka kuisoma orodha mpe List.copyOf(), yaani nakala isiyobadilishika, usimpe yenyewe. Mistari itaongezeka kidogo, vumilia.

Wala usijilaumu, Java yenyewe iliteleza hapo hapo: Stack (rundo, ambalo kitu huwekwa na kutolewa juu tu) inarithi Vector (orodha ya kawaida) tangu toleo la 1.0 la mwaka 1996, ndiyo maana mpaka leo unaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo.

Msimbo wako wote sijauona. Jumla ikiendelea kupishana, bandika hapa hiyo futa() tuitazame.