Nchi Tisa kwa Siku 14? Ngoja Nikusimulie ya Agra

Juzi msomaji mmoja kanitumia ratiba yake ya safari: nchi tisa kwa siku 14. Anaomba nimwongezee ya kumi. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana ratiba hiyo naijua. Niliwahi kuiandika mwenyewe.

India nzima niliitengea siku nne. Agra ikapata siku moja, na siku yenyewe ikaangukia Ijumaa. Wanaojua wameshashika kichwa: Ijumaa Taj Mahal haipokei watalii. Nilifika getini alfajiri, kamera shingoni, nikakuta pamefungwa. Mwenzangu hakusema neno, alinitazama tu. Mipango yote niliing'ang'ania mimi. Kila alipotaka kuipitia nilimwambia atulie, mambo yako sawa. Tulirudi salama, lakini urafiki wetu haukurudi ulivyokuwa. Bado inaniuma.

Kwa kukosa pa kwenda tukaingia Ngome ya Agra. Humo ndimo Shah Jahan, mfalme aliyemjengea mkewe Mumtaz Mahal kaburi lile la marumaru, alikofungiwa na mwanawe Aurangzeb mwaka 1658 hadi akafa mwaka 1666. Ukisimama kwenye baraza za ngome unaiona Taj kwa mbali, pale mto Yamuna unapopinda. Inaonekana, haifikiki. Nitakuwa mwongo nikisema nilifurahi. Ila mengi ya safari ile yameshanitoka kichwani, na baraza ile haijanitoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, angalia siku za kufunga kabla hujakata tiketi ya ndege. Makumbusho ya Louvre kule Paris hufungwa Jumanne. Alhambra, ngome ya kale kule Granada, Hispania, tiketi yako ina saa ya kuingia kwenye kasri za wafalme wa Nasrid, na ukichelewa huna wa kumlilia. Angalia siku za kufunga. Najua nimeshasema.

La pili ni kukaa. Petra, mji wa kale uliochongwa majabalini kule Jordan, niliupa siku tatu, na hapo naomba mniruhusu nijisifu kidogo. Unapita Siq, njia nyembamba kati ya majabali, kama kilomita 1.2, mara Al-Khazna hiyo mbele yako, jengo maarufu kuliko yote ya Petra, limechongwa kwenye mwamba wenye rangi ya waridi. Wengi hupiga picha hapo wakageuza. Mimi kesho yake nilipanda ngazi za Ad-Deir, zaidi ya 800, nikipumzika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Juu nilikuta jengo lililochongwa jabalini, kubwa hata mlango wake unakufanya ujione sisimizi, pamoja na upepo na watu wa kuhesabika. Waliogeuzia kule chini nao watasema wameiona Petra. Waache waseme.

Na hata mwili una ratiba yake. Cusco, mji wa milimani kule Peru, uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari; ukishuka kwenye ndege ukaanza kukimbizana na vivutio, kichwa kitakugonga usiku kucha. Machu Picchu yenyewe, magofu ya Wainka yanayowapeleka wengi huko, iko chini zaidi, kama mita 2,430. Anza na mabondeni, panda polepole. Watu hawasikii, wanataka picha ya siku hiyohiyo.

Yule msomaji nimemjibu. Nimemkatia nchi saba, nikamwachia mbili. Naona ujumbe ameshausoma tangu jana asubuhi. Kimya.