Wabenedikto hawana nadhiri ya ukimya

Je, watawa Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda, abasia mbili za kusini mwa Tanzania, huweka nadhiri ya kutosema? Hapana. Wabenedikto wana nadhiri tatu: kudumu katika jumuiya, wongofu wa maisha na utii. Zimo sura ya 58 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha mwongozo wa maisha yao. Ukimya una sura yake, ya 6, ila pale ni nidhamu tu: anayejifunza anyamaze ili asikie. Utulivu wa moyo wanautafuta hapo, kwenye kusikiliza, na si bure Kanuni yenyewe inaanza na neno "Sikiliza". Ukimya unakazwa kweli usiku, baada ya sala ya mwisho (sura ya 42). Hata hivyo, mgeni akifika akiwa na shida, wanaongea naye.